Moko Kwenye Barafu

Mfuniko wa friza la Asteria ulikataa kufunga. Aliubonyeza kwa viganja, akaubonyeza kwa kiwiko, mwishowe akaukalia kama mtu anayefunga sanduku la safari, lakini upande wa kulia ukabaki wazi kidogo na baridi ikawa inampiga mguuni. Ndani, barafu ilikuwa imeshika kuta zote, nene na ngumu, imepanda mpaka juu ikausukuma mfuniko wenyewe. Katikati palibaki tundu la kutosha chupa chache za maji. Na Ijumaa ndani ya tundu hilo ilitakiwa kuingia nyama ya ng'ombe mzima.

Tuseme ukweli, alijitakia. Fundi Thobias aliyemuuzia friza hilo, likiwa limeshatumika na watu wengine, alimweleza waziwazi kwamba barafu ikifikia unene wa kidole, zima, toa vitu, acha wazi, ngoja iyeyuke yenyewe. Alimwonyesha na mpira wa mfuniko uliochakaa, akamwambia aubadilishe, maana hapo ndipo joto linapopenya, na unyevu unaoingia nalo ndio unaogeuka barafu. Asteria aliitikia ndiyo. Lakini kuzima friza ni kuwanyima wachimbaji maji siku nzima, na mchimbaji wa Masumbwe akikosa chupa iliyoganda kwako leo, kesho hapiti tena mlangoni kwako. Chupa zile walishuka nazo kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, zikawa zinayeyuka taratibu kule chini kwenye joto, na mtu anakunywa maji baridi mpaka mchana. Basi kila wiki Asteria alisema wiki ijayo. Ule mpira aliufungafunga kwa vipande vya tyubu ya pikipiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba ukuta wenyewe unaweza kuwa wa barafu.

Nyama ilikuwa ya Padre Valerian. Kijana huyu alizaliwa mtaa huohuo, alikuwa amepewa upadre juzijuzi, na Jumapili angesoma misa yake ya shukrani kwenye kanisa alilobatiziwa. Chakula cha wageni kiliangukia Jumuiya ya Mtakatifu Anna. Walipokaa kugawana, huyu alisema mchele, huyu mafuta, yule kuni na masufuria, na mjomba wa padre akaahidi dume la ng'ombe kutoka zizini kwake Ushirombo. Ilipofika zamu ya Asteria, mwenyekiti wao, Mama Zipora, alimruka. Wala hakumruka kwa ubaya. Alisema kwa ile sauti laini ya huruma, "Mama Goodness tunamwelewa, tuendelee."

Kueleweka huko kulikuwa kumemchosha Asteria. Tangu kifusi kimvunje mguu mume wake, Nestory, jina la familia yao lilisomwa kanisani kila mwisho wa mwezi kati ya familia zenye uhitaji. Baada ya misa alisimama na ndoo yake nyuma ya sakristia, akapimiwa mahindi mbele ya watu aliokaa nao benchi moja. Mahindi waliyala, na alishukuru, kwa sababu njaa haina fahari. Lakini jina lilipokuwa likisomwa, alitazama vidole vyake vya miguu. Binti yao Goodness, wa darasa la sita, alikuwa ameanza kwenda misa ya kwanza peke yake, na mama yake alijua fika kwamba majina yalisomwa misa ya pili.

Ndiyo maana siku ile ya kugawana alisimama kabla hawajaendelea. Akasema yeye atatunza nyama, ana friza. Mtu hujikuna ajipatapo, na yeye alijipata hapo. Mama Zipora akauliza kwa upole kama friza hilo ni zima kweli. Asteria akajibu kuwa ni zima, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Ikakubaliwa kwamba ng'ombe achinjwe Ijumaa, nyama ilale kwa Asteria, maana Jumamosi nzima ilikuwa ya kwenda kumpokea padre barabarani, kisha iive usiku wa Jumamosi ili Jumapili akina mama wote wawe kanisani wamevaa kitenge kimoja. Asteria alirudi nyumbani anatembea kama mwenye mali.

Jumanne asubuhi alichomoa waya ukutani. Chupa alizihamishia kwenye beseni na kuzifunika kwa magunia, akaweka matambara chini, akauegemeza mfuniko ukutani, na ndani akaweka sufuria la maji ya moto ili mvuke ufanye kazi. Mumewe alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango, gongo lake la kutembelea limelala sakafuni. Asteria alimwambia anakwenda kwa fundi Thobias kununua mpira mpya wa mfuniko, na kwamba kazi ya Nestory ni kubadilisha maji yakipoa, basi.

"Usiiguse barafu," alimwambia. "Iache ianguke yenyewe."

"Sitaigusa. Kwani mimi mtoto?"

Yaliyofuata alikuja kusimuliwa baadaye, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Nestory alikaa. Alibadilisha maji mara ya kwanza, akabadilisha mara ya pili. Barafu ilitoa machozi machache ikabaki palepale. Ndipo Damian na mwingine, wenzake wa zamani wa duarani, wakapita kununua maji. Wakakuta friza wazi na mchimbaji wa kusifika, aliyekuwa akigonga mwamba mara moja na kujua kama una mali, amekaa anaangalia barafu na sufuria la maji ya moto. Mmoja akamwita Baba Barafu. Mwingine akamuuliza kama atakapomaliza kuyeyusha atasuka na nywele. Walicheka, wakamgonga bega, wakaenda zao bila ubaya wowote moyoni, kwa sababu hivyo ndivyo wachimbaji wanavyotaniana.

Chini ya kitanda, ndani ya kipande cha turubai, Nestory alikuwa ametunza vifaa vyake vya kazi. Nyundo, tochi ya kichwani, buti, kamba, na moko, ile patasi nene ya chuma ya kuchongea mwamba. Hakuwahi kusema atarudi duarani, ila kila mara alikuwa akivipaka mafuta visishike kutu. Siku ile aliufungua ule mzigo.

Na tumpe haki yake, alichonga vizuri. Mkono haukuwa umesahau. Aligonga mahali ufa ulipo, barafu ikabanduka mabamba kwa mabamba, akayapanga kwenye beseni, ukuta wa kwanza ukawa safi, wa pili ukawa safi. Kosa lake ni kwamba mwamba una mwamba nyuma yake, nao unavumilia. Nyuma ya barafu kuna bati jembamba, na nyuma ya bati kuna bomba.

Asteria aliporudi na mpira wake mpya begani, alimkuta mumewe amekaa sakafuni, moko umelala mapajani.

"Ilikuwa inapumua," Nestory alisema. "Sasa imenyamaza."

Asteria hakuuliza nini. Aliinama ndani ya friza, akaona kwenye kona ya chini kijitundu kidogo kuliko punje ya mtama. Pembeni yake palikuwa na utelezi wa mafuta. Aliweka kidole, akakinusa.

"Nilikwambia usiiguse."

"Ulinambia."

"Kwa hiyo?"

"Walipita kina Damian wakasema... Nilikuwa nimebakiza kona tu."

Hasira iliyompanda Asteria ilikuwa kubwa, naye hakujifanya hana. Alimwambia kwamba kona hiyo ndiyo ilikuwa nyama ya padre, ndiyo ilikuwa jina lao, na kwamba mwanaume anayeshindwa kukaa chini asubuhi moja kwa sababu ya kucheka kwa watu ataishia kukaa chini maisha yake yote. Neno hilo la mwisho lilipotoka alitamani kulirudisha. Nestory akaanza kuzoa mabamba ya barafu kwa mikono mitupu.

Thobias alikuja jioni. Kwanza alifungua dirisha, akawaambia wasiwashe jiko humo ndani mpaka hewa itoke. Akachungulia, akatazama lile tundu, akatazama na moko uliokuwa bado umeegemea ukuta, na kwa heshima yake hakuuliza. Alisema friza halijafa, ila gesi yote imekwenda na bomba la zamani halizibiki likadumu. Itabidi kuzungushia bomba jipya la shaba kwa ndani, nalo mpaka liagizwe Kahama.

"Kabla ya Ijumaa?" Asteria akauliza.

"Mama Goodness, si la wiki hii."

*

Kesho yake Asteria alikwenda kwa Pantaleo, mwenye baa ya kona, aliyekuwa na mafriza mawili mapya yanayong'aa. Njiani alikuwa amepanga maneno. Nyama ingelala huko siku mbili, yeye angeifuata na mkokoteni Jumamosi, na nani angejua? Alimsalimia vizuri, akaeleza shida yake kwa kuizungukazunguka. Pantaleo alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua friza moja amwonyeshe. Lilikuwa limejaa bia. Akafungua la pili, bia na kuku.

"Wageni wote hao wa padre wakitoka kanisani watakunywa nini, dada yangu? Wiki hii siwezi hata kuweka kidole."

Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alichomoa chupa ya maji yaliyoganda akamkabidhi bure. Asteria, muuza maji baridi, alitembea katikati ya Masumbwe na maji ya baridi ya msaada mkononi. Alimpa mwendesha bodaboda wa kwanza aliyekutana naye.

Nyumbani alimkuta Nestory hayupo. Aliporudi, gongo likiwa limejaa vumbi, hakusema alikokwenda, na Asteria hakutaka kumuuliza. Walikula ugali na mlenda. Goodness alitazama baba, akatazama mama, akauliza kama nyama italetwa asubuhi au jioni.

"Nyama hailetwi hapa," Asteria alisema. "Kesho nitakwenda kuwaambia mwenyewe."

Mficha uchi hazai. Angeweza kumtuma mtoto, au kusubiri wamfuate. Lakini aliona heri aibu ya kujipeleka kuliko aibu ya kufuatwa.

*

Jumuiya ilisali Alhamisi jioni sebuleni kwa Mama Zipora. Rozari ilikwisha, nyimbo zikaisha, zikaja shughuli. Mama Zipora alivaa miwani, akauliza mchele, ukawepo. Akauliza mafuta, yakawepo.

"Mama Goodness, friza liko tayari? Mchinjaji anakuja kesho."

"Friza ni bovu," Asteria alisema. Alikuwa amesimama. "Tumelitoboa wenyewe Jumanne tulipokuwa tunaliyeyusha. Fundi amesema halitapona wiki hii."

Mtu mmoja alisonya. Mama Lukresia, aliyetoa mafuta, alimnong'oneza jirani yake kwa sauti ya kusikika kwamba si ndiyo yale waliyoyasema. Mama Zipora alivua miwani akaisugua kwa upindo wa khanga. Angegomba, angalau Asteria angejua pa kushika. Lakini alisema kosa si la Mama Goodness, kosa ni lao viongozi, walimbebesha mzigo mtu ambaye mizigo yake mwenyewe inajulikana. Wangetafuta namna. Akae tu.

Asteria hakukaa.

"Tumsifu Yesu Kristo," sauti ikasema mlangoni.

"Milele amina."

Alikuwa Nestory. Tangu aumie hakuwa amekanyaga jumuiya hata mara moja. Alivuka kizingiti, gongo kwanza, mguu mzima, kisha ule mwingine, akawasalimu wakubwa shikamoo mmoja mmoja kwa zamu, na hiyo peke yake ilichukua muda. Mzee wa pembeni akamuuliza kwa Kisukuma hali yake, akajibu mhola duhu, salama tu.

"Nimesikia mke wangu anasema tumelitoboa," alisema. "Si kweli. Nimelitoboa mimi. Yeye alinikataza. Nilichukua moko nikachonga barafu."

Msichana mmoja akaguna kwa kicheko, na sebule nzima ikamfuata. Moko! Kwenye friza! Mama Lukresia alifuta machozi. Hata Mama Zipora aliinamisha uso. Nestory alisimama akingoja kicheko kiishe kama alivyozoea kungoja vumbi litue duarani baada ya baruti, na Asteria, aliyekuwa na hasira naye tangu Jumanne, aliona hasira hiyo inamtoka na kwenda kuwakalia wanaocheka.

Kilipoisha, Nestory aliendelea palepale alipoishia. "Kabla ya duara nilikulia zizini. Ng'ombe aliye hai haozi. Msilete nyama, nileteeni ng'ombe mwenyewe. Nitamlisha na kumlinda. Jumapili alfajiri nitamchinja na kumchuna kwa mkono wangu. Jana nilikwenda kwa mkaguzi wa nyama, Jumamosi hana nafasi, ila Jumapili amekubali kuja mapema."

Wanaume wawili watatu wakatazamana. Lilikuwa jambo rahisi, nao wote walikuwa watu wa ng'ombe, ila walikuwa wameshazoea kufikiri kwa mafriza.

"Sawa," Mama Zipora alisema, "na nani atapika? Ng'ombe wa alfajiri anaiva saa ya misa. Niambieni ni mama yupi nimwambie akae jikoni misa ya Padre Valerian."

Hapo hakuna aliyecheka. Baraka ya kwanza ya padre mpya haiji mara mbili. Watu hupiga magoti, huwekewa mikono ambayo ndiyo kwanza imepakwa mafuta matakatifu, huibusu viganjani. Kila mama mle ndani alikuwa na mtoto wa kumpeleka, au ugonjwa, au kesi. Asteria naye alikuwa na lake. Alikuwa amepanga kumwongoza Nestory mpaka mbele, aombewe ule mguu. Alikuwa amelipanga kwa miezi, tangu aliposikia Valerian anakaribia upadre, na lilimuuma kuliachia, liliuma kweli.

"Nitapika mimi," alisema.

Mama Zipora alimtazama. Akaanza kumshukuru, na ile sauti laini ikaanza kurudi.

"Nina neno moja," Asteria akamkatiza. "Jina letu litolewe kwenye orodha ya wahitaji."

"Mama Goodness, hilo tusiliongelee leo. Friza lenyewe ndiyo hivyo..."

"Ndiyo maana naliongelea leo."

"Na mahindi?"

"Na mahindi."

Nestory alimgeukia. Asteria hakumtazama, aliogopa akimtazama atalirudisha neno lake. Mama Zipora alivaa tena miwani taratibu, akasema atamwambia katekista.

Walirudi pamoja, mwendo wa gongo. Karibu na nyumbani Nestory akauliza watakula nini. Asteria akasema kuna michembe ya mama mkwe, viazi vilivyokaushwa vimejaa debe. Nestory akauliza je, michembe ikiisha?

"Ikiisha utakuwa umeshajifunza kuyeyusha friza."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani. Tangu Jumanne hawakuwa wamecheka.

*

Dume lililetwa Ijumaa, jekundu, lina nundu ya kutosha. Nestory alilifunga nyuma ya nyumba, akalikatia majani akiwa ameketi, akawa analisemesha Kisukuma kama anavyosemeshwa mgeni aliyetoka mbali. Watoto wa mtaa walikuja kulitazama. Kina Damian nao walipita, wakauliza kama Baba Barafu amehamia ufugaji. Nestory akawaambia kama wana nguvu nyingi za kuchekea waje Jumapili alfajiri washike miguu. Wakaja.

Alichuna akiwa kwenye stuli. Kisu kilipita kati ya ngozi na nyama bila haraka; alipofika mahali pagumu alisimama, akapapasa kwa kidole, akatafuta njia. Vijana walitaka kuvuta kwa nguvu, akawazuia. Mkaguzi alipogonga muhuri wake, ngozi ilikuwa imeshatandazwa juu ya majani. Mama Zipora, aliyepita na kitenge chake kipya kuhakikisha mambo, aliinama akaikagua kwa muda mrefu upande wa ndani, kutoka shingoni mpaka mkiani.

"Haina tundu," alisema, na akaenda zake kanisani.

Majiko yalikuwa nyuma ya kanisa. Asteria aligeuza nyama kwa mwiko mrefu, akapunguza moto huku, akachochea kule, moshi ukamwingia machoni. Kupitia madirisha alisikia misa yote. Alisikia vigelegele Padre Valerian alipoingia, akasikia mahubiri bila kushika maneno, akasikia vipaji vikipelekwa kwa ngoma. Kengele ya mageuzo ilipolia aliweka mwiko chini akapiga magoti kwenye majivu. Nestory, ambaye goti lake halikukunjika, alishika gongo kwa mikono miwili akainamisha kichwa. Kisha ukaja wimbo wa baraka, na ukaendelea sana, maana mstari wa watu ulikuwa mrefu, na Asteria akalia. Alilia huku anakoroga, akamwambia Nestory ni moshi. Nestory akasema moshi ni mwingi kweli leo, akamsogezea kigoda.

Wageni walikula mpaka wakafungua mikanda. Hakuna aliyekuja jikoni kutoa hotuba ya shukrani. Mama Zipora alikuja mwisho kabisa na sahani yake, akapakua mwenyewe, akala amesimama kando ya Asteria. Alipomaliza kutafuna mfupa akasema Alhamisi ijayo jumuiya itasali kwao, waandae viti.

*

Nestory aliuza nyundo, tochi, buti na kamba. Aliviuza kwa kina Damian bila kupatana sana, na Asteria aliyajua hayo siku Thobias alipofika na bomba jipya la shaba limezungushwa kama nyoka. Lilipangwa kwa ndani, wazi, likiwa linang'aa kuta zote nne. Gesi ikajazwa, mpira mpya ukabandikwa, na mfuniko ukafunga kwa sauti nzito iliyomfurahisha Asteria kuliko wimbo. Thobias alimwambia Nestory kwamba sasa bomba liko uchi, hata kijiko kikali hapana. Nestory akaitikia. Tangu hapo kila asubuhi aliweka kidole chake kwenye barafu akapima.

Mwisho wa mwezi, Jumapili asubuhi, barafu ilifikia unene wa kidole. Michembe ilikuwa imebaki chini ya debe, na Jumapili ilikuwa siku ya biashara nzuri. Asteria alisema labda wangoje Jumatatu. Nestory alikuwa ameshachomoa waya.

Mfuniko ulikuwa ukirudirudi, haukai wazi. Nestory akaingia chumbani, akatoka na moko. Asteria aliuona akasimama ghafla, ndoo ya maji mkononi. Nestory akausimamisha kwenye ukingo wa kona ya friza, mbali na bomba, akauegemezea mfuniko juu yake, akaujaribu kwa kiganja. Ukashika. Akaweka sufuria la maji ya moto ndani juu ya ubao, akatandika matambara, akajipangusa mikono.

Wachimbaji wawili walisimama mlangoni kutaka maji yaliyoganda.

"Leo hakuna," Nestory aliwaambia. "Baba Barafu anakwenda kanisani. Njooni kesho."

Walikwenda misa ya pili wote watatu. Goodness alitembea mbele, akawashikia nafasi kwenye benchi la katikati. Baada ya komunyo katekista akasimama na karatasi yake, akaanza kusoma familia zenye uhitaji. Asteria aliinua uso. Alisikiliza jina la kwanza, na la pili, akawaonea huruma waliotajwa, maana aliwajua na alijua wanatazama wapi. Katekista alisoma mpaka mwisho, akakunja karatasi, akatangaza ndoa. Goodness aliachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu mwanzo.

Walipotoka hawakupita nyuma ya sakristia. Walikwenda moja kwa moja nyumbani, kwenye jua kali, kwa mwendo wa gongo. Nestory alifungua mlango, akachungulia ndani ya friza, akamwita mkewe aje aone. Barafu yote ilikuwa imeanguka yenyewe.